Fundi wa Pampu Aliyetaka Bima Inayofika Butiama

Umande bado uko kwenye majani ya mihogo, na Pelagia Bernado amekwisha kuvua viatu. Amesimama peku kwenye sakafu ya saruji inayozunguka kisima, spana begani, akiwakagua akina mama waliolishika bomba kama watu wanaomshika ng'ombe asiyetaka kuchanjwa.

"Shikeni! Nikisema 'achia' ndiyo uachie, siyo ukiumwa na mbu."

Wanacheka, lakini hawaachii. Bomba linapanda taratibu, linachuruzika maji yenye kutu. Pelagia analibana, analifungua kwenye maungio, analilaza kwenye nyasi, kisha wanaanza kuvuta lingine. Kisima hiki kiko nje kidogo ya Butiama na hakijatoa maji tangu Jumapili. Hatari ya kazi hii ni moja: bomba likiponyoka linazama chini, na hakuna mkono wa kulifuata.

"Mimi sijawahi kuangusha bomba," anasema bila kuulizwa, huku akijifuta grisi kwenye kanga. "Andika hiyo. Waulize na wanaume wa hapa, wao wameangusha mangapi."

Mwandishi ameandika. Wanaume wa hapa, walipoulizwa, walibadilisha mazungumzo.

Pelagia ana miaka arobaini na mitatu. Anaishi Kitaji, mjini Musoma, na mumewe Thadeo, ambaye ni dereva, pamoja na watoto wao. Kwa baiskeli, kwa gari la mizigo, na mara nyingine kwa miguu, anavifuata visima vya Butiama na Bunda popote vinapokwama. Akina mama wa vijijini hawasemi pampu imeharibika. Wanasema "inamtaka Pelagia."

Alijifunza ufundi huu mwaka 1987, mradi wa maji ulipokuja kuchimba visima. Kwanza walifundishwa vijana wa kiume. Ndio miaka samaki aina ya sangara alipoanza kuwa na bei, na vijana walizichukua spana za mradi wakaenda nazo ziwani kufunga injini za mitumbwi. Mradi ukasema safari hii utafundisha watu ambao hawaendi popote. Wakachaguliwa akina mama.

"Walisema hivyo kabisa, 'watu ambao hawaendi popote'," Pelagia anakumbuka, na kicheko kinamjaa. "Sasa naenda Ulaya. Wale vijana wako wapi? Wako Mwigobero ziwani wanaparua samaki."

Ni kweli anakwenda Ulaya. Mwezi ujao, Mungu akipenda, Pelagia atakuwa Uholanzi kwa wiki tatu, kwenye mkutano wa watu wanaotengeneza pampu za visima. Wamemwita awaonyeshe jambo alilolibuni miaka ile spea zilipokuwa zinakuja kwa kudra: kukata mipira ya pampu, ile inayobana maji yasirudi chini, kutoka kwenye ngozi ya ng'ombe. Ngozi huilowesha kwenye mafuta, huikunja kwenye kibao alichokichonga mwenyewe, kisha huikausha kivulini. Mpira wa dukani ukichelewa, na ulikuwa unachelewa hadi watu wanarudia kuchota maji ya malambo na mifugo, ngozi ya Pelagia ilifanya kazi.

Wakati ule hata sabuni ilipangiwa foleni. "Tulikuwaga tunafulia majani ya mpapai," anasema. "Nani angeniletea mpira wa pampu? Lakini ng'ombe walikuwepo. Mtu wa Mara akose vyote, ng'ombe hakosi."

Ushirika wa pamba ulipoyumba, vijiji vya Bunda vikawa vinamlipa kuku badala ya fedha. Siku hizi, mwezi ukiwa mzuri, hupata hadi shilingi elfu arobaini. Mvua za El Nino zilizojaza tope visimani zilimpa kazi kuliko mwaka mwingine wowote, na ndizo zilizomlipia pasi ya kusafiria. Tiketi na malazi wametoa wenyeji wake. Waliacha jambo moja tu mikononi mwake: akate bima ya safari, kwa sababu bila bima hawatampokea.

Zamani jambo hilo lisingesumbua kichwa cha mtu. Shirika la bima lilikuwa moja, la umma. Ulienda, ukaandikiwa, ukaondoka. Lakini mlango sasa umefunguliwa kwa kampuni za watu binafsi, na Musoma nako vijana wa kuvaa tai wamefika. Karibu na soko kuu yupo kijana anayeitwa Felisian, wakala, ambaye peke yake ana vipeperushi vya kampuni tatu, vyote vina picha ya ndege.

Kabla hajaenda kwa Felisian, Pelagia alitaka ushauri kwa mumewe. Katika nyumba yao mambo ya bima ni ya Thadeo, kwa maana yeye ndiye mwenye kushika usukani.

Na hapo ndipo mkorogo ulipoanza. Kwa dereva yeyote wa nchi hii bima ni mbili. Bima ndogo inamlipa yule uliyemgonga. Bima kubwa inakulipa hata wewe na gari lako. Thadeo alimshauri mkewe kwa moyo mweupe kabisa.

"Nilimwambia, Mama Nathanieli, usikubali ndogo," anasimulia Thadeo, mtu mpole ambaye tangu siku ile amekoma kutoa ushauri. "Ndogo haikulindi wewe. Chukua kubwa, umemaliza."

Pelagia akaingia kwa Felisian akiwa na kauli moja mdomoni.

"Nikamwambia, mwanangu, mimi nataka bima kubwa. Sina mpango wa kumgonga Mholanzi."

Felisian naye hakukosea kwa nia mbaya. Mteja amesema kubwa, akampa ile yenye mambo mengi kuliko zote. Begi likipotea, linalipwa. Ndege ikichelewa, unalipwa. Pasi ikiibiwa, jino likiuma, miwani ikivunjika, vyote vimo. Pelagia hana miwani, lakini alifurahi kwamba ingevunjika angelipwa. Akaibeba karatasi yake hadi Butiama kwenda kumwonyesha mama yake kabla ya kulipa.

Mama yake anaitwa Wankyo. Ni mjane, amepita miaka sabini, na bado analima mtama wake mwenyewe. Kusoma hajui, kwa hiyo Pelagia alikaa kwenye kigoda akamsomea mstari kwa mstari. Mama alisikiliza begi. Alisikiliza ndege. Alisikiliza jino. Mwishoni akauliza neno moja.

"Na mwili?"

"Mwili gani, mama?"

"Wako."

Pelagia aligeuza karatasi mbele na nyuma. Mwili haukuwemo. Kilichokuwemo ni kimstari kidogo kilichosema kwamba mteja akifariki, kampuni italipia mazishi "mahali kifo kilipotokea." Wankyo alisimama, akaingia ndani, akafunga mlango. Kutoka huko ndani akasema, "Huendi."

Msomaji wa mjini anaweza kucheka: mama wa miaka arobaini na mitatu, mwenye watoto wanaonyoa ndevu, anakatazwaje safari? Kwa watu hawa hakuna cha kucheka. Mtu haanzi safari ya mbali bila mzazi kumbariki. Akiianza, kila jiwe atakalojikwaa litakuwa na maelezo. Pelagia aliitazama safari yake ikisimama pale mlangoni, na alijua kwamba tiketi ya Ulaya bila kinywa cha mama yake ni karatasi tu.

Tena alijua kwa nini.

Baba yake, Bernado, alivuka kwenda Kenya kutafuta kazi kwenye mashamba ya miwa, upande wa Kisumu. Alikuwa anatuma sukari na nguo, na kila Krismasi alikuja nyumbani. Mwaka 1977 mpaka ukafungwa. Mwaka uliofuata Bernado akaugua, akafa huko huko. Habari ilifika Butiama kwa mdomo wa mtu aliyepita njia za panya, na ilipofika, wenzake wa kazini walikuwa wamekwisha kumzika kando ya shamba.

"Nilikuwa na miaka ishirini na tatu," anasema Pelagia, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anaiweka spana chini. "Watu walikuja kulia msiba, hakuna wa kuzika. Ulishaona msiba hauna kaburi? Watu wanakula, wanalala, wanaondoka, hujui hata waondoke lini."

Katika maboma ya huku wafu wanalala uani, pamoja na walio hai. Watoto wanacheza juu yao, mbuzi wanafungwa karibu nao. Kwenye boma la Wankyo yapo makaburi ya wakwe zake wote. La mumewe halipo. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983, lakini hadi leo hakuna aliyewahi kumwambia mama huyu twende tukamtafute, na yeye hakuwahi kuomba.

Habari za karatasi ile zilitoka Butiama zikafika visimani kabla ya Pelagia mwenyewe. Kwa kuwa utani ndio chumvi ya watu hawa, ikawa kila anapokwenda anapokelewa: "Karibu Mama Begi!" Wengine wakasema Pelagia amelikatia begi bima, mwenyewe kajisahau. Alicheka nao mchana. Thadeo anasema jioni alikuwa hali chakula.

Alirudi kwa Felisian akiwa amekunja uso. Kijana, alipoelezwa, alishika kichwa.

"Semina ya Mwanza walitufundisha tusianze na kifo," anajitetea Felisian. "Walisema mteja atakimbia, tuanze na begi. Sasa mimi ndiyo nimekuja kugundua watu wa Mara ni kinyume. Begi hawana habari nalo. Wanauliza kwanza watarudije."

Kati ya zile kampuni tatu ilikuwepo moja iliyoandika kwamba itagharimia "kurejesha mwili nchini." Haikuwa na begi wala miwani. Bei yake ilizidi ile ya kwanza, ilifika kama shilingi elfu sitini hivi, na Pelagia alisema atalipa. Ila safari hii hakutaka kwenda peke yake. Alimtia Felisian kwenye gari, pamoja na tai yake, hadi uani kwa Wankyo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye unauzaga kifo?"

"Hapana bibi, nauza bima."

"Haya. Soma."

Felisian akasoma, na alipofika kwenye mstari wenyewe akaongeza sauti kama katekista: kurejesha mwili nchini. Wankyo alimwambia arudie neno la mwisho. Akarudia. Nchini.

"Nchini ni wapi?"

"Tanzania, bibi. Uwanja wa ndege, Dar es Salaam. Hapo kampuni imemaliza kazi yake."

Wankyo alisema kitu kwa Kizanaki, kisha akakirudia kwa Kiswahili ili mgeni aelewe.

"Dar es Salaam mimi nina nani? Baba yake huyu wamemzika karibu kuliko Dar es Salaam."

Felisian anasema amefanya kazi ya bima tangu mwaka jana, na hilo ni swali ambalo kitabu chake hakina jibu. Alirudi Musoma, akaenda posta, akapiga simu Mwanza. Mwanza wakasema huduma inaishia uwanja wa ndege wa kimataifa. Akaomba wamwongezee walau hadi Mwanza. Wakamwuliza kama mteja wake ana mpango wa kufa. Kijana anakiri kwamba alikata simu kwa hasira, na kati ya wateja wote aliowahi kuwa nao hakuna aliyemtoa jasho kama huyu.

Zilikuwa zimebaki siku chache za kuthibitisha safari. Pelagia alianza kutunga maneno ya kuwaambia Waholanzi kwamba haji.

Aliyeokoa mambo ni mtu ambaye hayakumhusu kabisa. Dorotea anauza dagaa Mwigobero, na ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa Kitaji cha kufa na kuzikana, ambacho Pelagia ni mwanachama wake. Kila wiki wanatoa chochote. Mmoja akifiwa au akifa, kikundi kinabeba sanduku, gari na sufuria. Lakini kanuni yao ilisema wanamchukua mwenzao kutoka hospitali ya Musoma hadi kwao, ndani ya mkoa. Dar es Salaam haikuwa kwenye ndoto zao.

"Yeye hakuja kuomba," anasema Dorotea, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita wateja. "Mtu anaombaje abebewe maiti yake mwenyewe? Sisi tulisikia ile habari ya begi, tukacheka, halafu mimi nikaona aibu. Huyu mwenzetu anazikanaga na sisi. Pampu za kwetu anatengenezaga yeye. Nikasema Jumapili baada ya misa hakuna kwenda nyumbani."

Kikao hakikuwa chepesi. Mmoja alisema Dar es Salaam ni mbali, barabara zimeliwa na El Nino, maiti moja tu itamaliza mfuko wa mwaka. Mwingine akauliza je, na wengine wakianza kwenda Ulaya? Hapo, anasema Dorotea, watu walicheka sana, kisha wakaanza kuhesabiana watoto, kwa sababu waliona kwamba pengine sasa inawezekana. Huyu ana binti chuoni. Yule ana mwana mtawa. Kwa nini watoto wa Kitaji wasiende?

Dorotea ndiye aliyefunga mjadala. "Niliwaambia, neno letu ni kuzikana. Halikusema kuzikana Mara. Bima itamshusha Dar es Salaam. Kuanzia hapo ni mtu wetu."

Wakanyoosha mikono, na kanuni ikabadilika.

Lakini hawakuiandika na kumpelekea Wankyo karatasi. Walimjua. Dorotea na wenzake wawili walivaa kanga za kikundi, wakapanda gari hadi Butiama, wakasema kwa vinywa vyao mbele ya Pelagia na majirani: mwanao akipatwa na lolote huko, wenye ndege watamleta Dar es Salaam, na sisi tutamtoa Dar es Salaam hadi uani kwa kina Thadeo. Kwao Thadeo ni kijiji cha pili tu. Ukisimama penye mtama wa Wankyo unaliona bati lao linang'aa.

Wankyo aliwatazama mmoja mmoja. Akamwuliza Dorotea, akikosa gari atafanyaje.

"Nitauza mtumbwi wa mume wangu," Dorotea alimjibu. "Na mume wangu yuko pale, muulize."

Mume, aliyedandia gari lao akitumaini pilau, aliitikia kwa kichwa.

Ndipo Wankyo alipoingia ndani kuchukua maji kwenye kibuyu. Aliweka funda mdomoni, akamnyunyizia mwanawe kifuani, akasema maneno ya baraka ya Kizanaki ambayo Pelagia amekataa kuyatafsiri kwa ajili ya gazeti. Anachosema ni kwamba alilia, na hakuona haya. "Ufundi nilikuwa na uhakika nao zamani. Siku ile nilijua mimi pia ni mtoto wa mtu."

Asubuhi ya leo, bomba la mwisho limetoka. Pelagia anaupasua mpira mchakavu kwa wembe, anaweka wa ngozi, anausugua mafuta kwa kidole gumba. Mabomba yanarudi chini moja baada ya jingine. Mpini unafungwa. Mama mmoja anasukuma, mara ya kwanza upepo, mara ya pili upepo, kisha maji yanatoka na kelele zinatoka pamoja nayo. Hakuna bomba lililoanguka.

Akirudi kutoka Uholanzi ana mipango miwili. Wa kwanza ni kuwafundisha wasichana wawili wa Bunda kukata ngozi, maana magoti yake yameanza kulalamika na hataki visima vimlilie akistaafu. Wa pili amemwambia mama yake wiki hii tu: akirudi watavuka mpaka wa Sirari pamoja, mama na mwana, wakaulize kwenye mashamba ya miwa nani anakumbuka Mtanzania aliyeitwa Bernado. Mama aliendelea kupepeta mtama wake. Ila siku iliyofuata alimwomba Thadeo amnunulie viatu.

Jirani za Wankyo nao hawapumui. Jumapili iliyopita, nje ya kanisa, Wankyo alisimama katikati ya watu na fimbo yake, akimtangazia kila aliyetoka mlangoni.

"Wangu anakwenda Ulaya," alisema. "Na akifa, anarudi!"

Pelagia alimshika mkono, amepatwa na aibu na kicheko kwa pamoja. "Mama jamani, si uwaambie kwanza kwamba narudi mzima?"

"Hilo nimemwachia Mungu," alisema Wankyo. "Yeye halipishi."